Ng'ombe wa Shishiyu na Fani ya Binti



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tulitazame jambo linalozisumbua familia nyingi kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka.

Mzee mmoja wa Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, alinijia baada ya swala ya Ijumaa. Ni mkulima wa pamba na dengu. Binti yake amepata nafasi ya kusoma shahada ya biashara, naye ameuza ng'ombe ili kuziba pengo lililoachwa na mkopo wa Bodi. Ugomvi wa nyumbani ni juu ya fani. Baba ataka rasilimali watu, "kazi ya kukaa ofisini inayomfaa mwanamke". Shemeji yake aliyeko Mwanza asisitiza fedha na benki, kwa kuwa ndiko kwenye mishahara. Binti mwenyewe ataka uhasibu. "Sheikh," akaniambia, "nikikosea, ng'ombe hawarudi."

Hoja ya mwanamke haikunichukua muda. Bibi Khadija (r.a.) alimiliki misafara ya biashara, akaajiri wanaume, na alipomtuma Mtume (S.A.W.), kabla ya utume, kwenda Sham na mali yake, alijua kilichotoka na kilichorudi.

Ya shemeji ni nzito zaidi. Kusoma elimu ya fedha si haramu, na wapo wanaokosea kuwazuia vijana wasiisome. Lakini mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yako wazi kwamba lawama ya riba haimwishii mlaji, humfika hata anayeiandika. Basi anayechagua fani hii na ajue mapema anakusudia kuitumikia wapi. Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011, ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Sharia, ilihitaji watu wanaofahamu murabaha na mudharaba kwa hesabu, si kwa majina tu. Sisi masheikh twayajua majina. Hesabu wengi wetu hatuzijui.

Sasa nije kwa binti. Nilimuuliza mzee: pamba yako yapita wapi? Akajibu, chama cha msingi cha ushirika. Nani hupima? Karani. Nani huandika? Karani huyohuyo. Msimu wa 2019 wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walipeleka pamba, wakangoja malipo kwa muda mrefu, na mkulima asiyekuwa na stakabadhi sahihi alikuwa na maneno matupu mkononi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni. Na iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Mhasibu mwaminifu katika nchi ya pamba anafanya kazi iliyo ndani ya dini yake, na kijiji kinamhitaji kabla ya mji.

Simaanishi kwamba njia hiyo ni nyepesi. Shahada peke yake haitoshi. Mbele yake iko mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), nayo huwaangusha wengi. Aliyechagua ununuzi na ugavi naye ana bodi yake, PSPTB. Mzazi aliyeuza ng'ombe aihesabu na gharama hiyo tangu leo. Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi: katika vyuo vingi, mwaka wa kwanza masomo ya biashara hufanana sana, uhasibu wa awali, uchumi, takwimu na sheria. Kwa hiyo, pale chuo kinaporuhusu, mwanafunzi aweza kujipima humo kabla ya kujifunga. Aulize siku ya usajili, si mwaka wa tatu.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema binti ndiye aliyekuwa akimwandikia daftari la pamba tangu akiwa darasa la saba, na kwamba mara mbili aligundua kilo zilizopungua. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hilo mwanzo.

Akaomba nizungumze na shemeji. Nilimpigia jioni ileile. Hakukubali yote, ila aliahidi kuchangia nauli.