NDIYO BWANA HAIJENGI CHAMA



Twataka kusema jambo ambalo wengine hawatapenda kulisoma, lakini gazeti hili ni la wafanya kazi, si la kupakana mafuta. Adui wetu wa kwanza si mnyapara. Ni ile tabia ya kumtazama jirani anafanya nini, kisha kufanya vivyo hivyo.

Mwaka huu gengi moja la wenzetu wa njia waliletewa karatasi ya kutia sahihi kwamba wamepokea viatu vya kazi na glavu. Hawakupokea hata kamba ya kiatu. Mnyapara akasema, "Tieni sahihi, vitu vitakuja." Wa kwanza akatia. Wa pili akamtazama wa kwanza, akatia. Hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili. Majuma matatu baadaye taruma lilimwangukia mmoja wao mguuni. Alipodai fidia alionyeshwa sahihi yake: ulipewa viatu, mbona hukuvivaa? Leo mguu huo una vidole vitatu, na fidia hakupata. Ukiwauliza wale kumi na mmoja, kila mmoja hujibu, "Niliona wote wanatia."

Hao "wote" ni nani? Ni watu kumi na wawili waliokuwa wakitazamana, na kila mmoja moyoni alijua kwamba karatasi ni ya uongo.

Wenye elimu wamelipima jambo hili. Mwaka 1961, mjini New Haven, Marekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram, alianza kuwaita watu wa kawaida: makarani wa posta, wachuuzi, vibarua. Kila mtu aliamriwa kumpiga mwenzake wa chumba cha pili kwa umeme kila akikosea jibu, kutoka volti 15 mpaka 450. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Yule mtu aligonga ukuta, kisha akanyamaza kabisa. Hata hivyo kati ya watu 40, watu 26 walifika 450, kwa kuwa bwana mwenye koti alisema endelea. Hawakutishwa kwa bunduki wala kwa kufutwa kazi. Ujira wao walikwisha pewa walipoingia mlangoni.

Lakini sikieni na hili. Baadaye watu 40 wengine waliwekwa kila mmoja pamoja na wenzake wawili, na wawili hao, waliopangwa kwa siri, wakakataa kuendelea. Safari hii waliofika mwisho ni 4 tu. Amri ni ile ile. Kilichozidi ni wenzake wawili waliosema hapana.

Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka Nebukadreza na sanamu yake ya dhahabu. Waliokataa kusujudu walikuwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Walikuwa watatu, si mmoja.

Watatokea wa kusema, "Reli ni amri. Kila mtu akifuata akili yake treni zitagongana." Ndiyo, dereva asipite ishara nyekundu. Amri hiyo yamlinda kila mtu, na kila mtu ajua sababu yake. Lakini ni reli hiyo hiyo inayompa mtu wa njia bendera nyekundu. Akiona reli imevunjika husimamisha treni, hata kama ndani ameketi mkubwa wa wakubwa, na hakuna amwitaye mkaidi. Kutii kwa kweli ni kuitii kazi, si kuutii uso wa mtu.

Wala tusiwaseme wanyapara peke yao. Katika mikutano yetu mwenyekiti huuliza, "Mnakubali?" na mikono imekwisha panda kabla swali halijaisha. Viongozi hupenda hivyo, tena hukuita umoja. Umoja gani huo? Januari 1947 wafanya kazi wapata 15,000 waliacha kazi Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja. Wao walijua wanalolipinga: mshahara mdogo na maisha ghali. Mtu ajuaye sababu yake hasimami kwa kuwa jirani amesimama.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Mtu asitie sahihi karatasi asiyoisoma. Ikiwa ni ya uongo, wawili wapatane kukataa kabla wa kwanza hajashika kalamu.

2. Uchaguzi, mgomo na mapatano ya mshahara yaamuliwe kwa kura ya siri, kwa vikaratasi.

3. Mwanachama anayepinga asizomewe. Neno lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

4. Chama kiidai tena fidia ya ndugu yetu aliyeumia, na wale kumi na mmoja waje kuandika ushahidi wa kweli.

Ninyi kumi na mmoja, sahihi zenu zilimfunga mwenzenu. Kalamu ile ile yaweza kumfungua. Msingoje kuona nani ataanza. Njooni wawili wawili.

Sisi, wenzenu wa karakana.