Shufaa mbele ya hakimu, si elfu kumi dirishani



Lipo ombi linalonifikia mara nyingi, hasa mwezi wa Desemba watu wanaposafiri kwenda makwao: “Baba Paroko, nimepigwa tochi. Huna unayemfahamu pale trafiki?” Ninaowafahamu ninao, ila simu sipigi. Hata hivyo anayeuliza hastahili kufukuzwa, maana ndani ya ombi lake mna swali la haki: je, mtu asiye na wakili aweza kuomba apunguziwe adhabu? Aweza. Kasoro ni kwamba wengi wetu tunamwomba mtu asiye na mamlaka ya kupunguza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Tuseme tochi imesoma 67. Kumweleza askari hali yako kwa heshima na kumwomba akuonye tu si dhambi hata kidogo. Lakini akishakuandikia faini, kiasi kile kimekwisha kupangwa, naye si mwenye mali. Anayekiri kosa hulipa kwa namba ya malipo aliyopewa. Anayekana huenda kwa hakimu.

Basi “punguzo” la elfu kumi linalopitia dirishani ni nini? Mkumbukeni wakili dhalimu wa Injili ya Luka, sura ya 16 (wakili wa mali, si wa mahakamani). Aliyedaiwa vipimo 100 vya mafuta aliandikiwa 50, na wa ngano 100 akaandikiwa 80. Ukarimu mkubwa, kwa mali ya mwingine! Kwa nini bwana wake alimsifu ni suala la mahubiri ya siku nyingine, nasi mapadre huwa tunalikwepa. Hapa itoshe kusema kwamba askari anayepokea noti anasamehe deni lisilo lake, na dereva anayeitoa ni mshirika wake kamili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawashika wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Twende sasa mahakamani, mahali ambapo watu wanyonge hupaogopa kupita kiasi. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mshitakiwa husomewa shitaka, huulizwa kama ni kweli, na akikiri maneno yake huandikwa kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka. Akishatiwa hatiani, na upande wa mashitaka ukishaeleza kama ana makosa ya nyuma, hupewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu. Nafasi hiyo mahakama zetu huiita shufaa, neno zuri kwelikweli! Kutoa shufaa hakuhitaji mwanasheria.

Ila shufaa si visingizio. Anayetubu katika kitubio hasemi, “Nimetenda dhambi, lakini jirani ndiye aliyenichokoza.” Mahakamani pia, anayesema “ni kweli, lakini gari lilikuwa halizidi 50” hajakiri kitu, hakimu ataandika kwamba amekana, na mashahidi wataitwa. Kama kweli hukuzidisha mwendo, kana wazi, usikiri kosa lisilo lako ili uwahi kazini, maana huo nao ni uongo. Kama ulizidisha, kiri kwa sentensi moja. Kisha eleza yaliyo kweli: kwamba ni kosa lako la kwanza, kwamba hukuipotezea mahakama muda, kipato chako ni kiasi gani, wanaokutegemea ni wangapi. Unaweza pia kuomba muda wa kulipa. Mama mgonjwa mwache nyumbani, isipokuwa kama kweli anaumwa. Wapo akina mama waliougua mahakamani mara tatu ilhali wako shambani wanavuna mahindi.

Hoja ya kipato haina aibu. Mwaka 2021 Serikali yenyewe ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kutambua kwamba adhabu isiyolingana na mkate wa mtu humtesa pasipo kumrekebisha. Hakimu, hata hivyo, hafungwi na shufaa yako, na aweza kutoza zaidi ya kile ulichoandikiwa barabarani. Kwa hiyo anayejua moyoni kwamba alikosa, na ameandikiwa faini anayoimudu, alipe tu.

Wapo wasemao kwamba tochi zimegeuzwa mradi wa mapato na kwamba askari hujificha vichakani. Huenda. Lakini 67 mbele ya shule ya msingi ni 67, askari awe kichakani au peupe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inahesabu kuwa ni hatia kubwa kuhatarisha maisha ya watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji lilitoa amri kumi za madereva, na ya kwanza ni Usiue. Anayeomba huruma kwa hakimu amkumbuke pia mtoto aliyekuwa anavuka pale kwenye kivuko, ambaye hakuitwa shaurini.

Muumini anayeogopa kwenda peke yake aje tuongozane. Nitaketi naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Kusema, atasema mwenyewe.