Kingereza cha kaye hakitoshi, tukitoe mdomoni

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama mnaotwanga mawe kutoka asubui mpaka jua kuzama, leo tuongee juu ya chombo kimoja cha kazi ambacho hakiuzwe kwenye duka la sururu na mashoka. Tuongee juu ya Kingereza. Siyo kile cha kuandika kwenye kaye. Kile cha kusema.

Hapa kwetu, kutoka Mulenge na Lemera mpaka Sange na Uvira mjini, vijana wenye diplome hawakosekane. Wengi walisoma Kingereza miaka mingi. Wanajua verbe kwa kichwa, wanaandika barua bila makosa mengi. Lakini mgeni akifika kwenye karé, mkaguzi ao mnunuzi ao injinia wa kampuni, na akiuliza neno moja la kawaida, watu wanaangaliana. Mwisho anaitwa mkalimani. Na mara nyingi mkalimani analipwa na yule anayeuliza.

Shida iko hapo. Delege anaingia kwenye mkutano na madai ya watu mia mbili. Mkubwa wa kampuni anaongea dakika tano, anapiga meza, anahesabu kwa vidole. Mkalimani anageuka na kutuambia: «Anasema ataangalia hiyo dosye.» Dakika tano zikageuka maneno manne! Yale mengine yalienda wapi? Hatusemi kama wakalimani wote ni wabaya. Wako wenye moyo, na kazi yao ni ngumu. Lakini mtu anayepatana mshahara wake kwa mdomo wa mwingine, amekwisha kuachia nusu ya mshahara ule mezani.

Mnakumbuka ile tuliyoita Loi Obama. Tarehe 21 Julai 2010, Marekani ilitia sahihi sheria kubwa ya mambo ya benki, na ndani yake kifungu cha 1502 kinaongea juu ya madini yetu: kasiterite, koltan, wolframite na dhahabu. Miezi miwili haikupita. Septemba 2010, Rais Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Hata baada ya kufungua, wanunuzi wengi hawakurudi haraka. Familia zilijua maana ya kifungu 1502 siku watoto waliporudishwa nyumbani juu ya minerval. Mtu anaweza kusifu sheria ile ao kuilaumu. Sisi tunaona hili: walioongea juu yetu walikuwa wengi, walioongea kutoka kwetu walikuwa wachache. Mashauri ya namna ile yanafanyika kwa Kingereza, na asiyekuwa na mdomo anaongelewa kama mgonjwa aliyelala kitandani.

Na njia inazidi kuelekea huko. Kongo ilitia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Mkataba wa Jumuiya hiyo, kifungu cha 137, vile ulivyoandikwa mwaka 1999, ulisema Kingereza ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya kukuzwa. Rwanda iligeuza mafundisho ya shule zake kwa Kingereza toka 2008. Burundi, hapo tu ng'ambo ya Gatumba, iliweka Kingereza kati ya lugha zake rasmi mwaka 2014. Kampuni ya Banro, iliyoanza uzalishaji wa biashara pale Twangiza, Luhwindja, mwaka 2012, ilikuwa na makao yake Toronto. Makaratasi ya kampuni za namna ile, yale ambayo wenye pesa wanasoma kabla ya kuamua kutia dola ao kuondoa, yanaandikwa kwa Kingereza.

Sasa wengine watasema: «Juu ya nini sisi tujifunze lugha yao? Wao wajifunze ya kwetu.» Swali ni la haki. Katiba ya 2006 inasema Kifransa ni lugha rasmi na Kiswahili ni moja ya lugha za taifa. Kwa hiyo sendika isiache hata siku moja kudai kwamba mkataba wa kazi uandikwe kwa Kifransa, na maelezo ya hatari yasemwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu anayeshuka shimoni. Kingereza hakiji kufukuza Kiswahili. Kinakuja kusimama pembeni yake, kama lampe ya pili pale ya kwanza inapozimika.

Tena tuwe waangalifu: tunajifunza Kingereza gani? Katika migodi ya Afrika ya Kusini kulikuwa lugha inayoitwa Fanagalo, mchanganyiko wa Kizulu na Kingereza na Kiafrikaans kidogo. Ilivuka mpaka Copperbelt ya Zambia, huko wakaiita Chikabanga. Ilikuwa lugha ya amri: beba, chimba, haraka, leta. Haikutengenezwa kwa ajili ya mfanyakazi kujibu. Lakini Katanga, katika kambi za Union Minière, Kiswahili kilikwenda njia ingine. Watu wa Kasai, wa Rwanda-Urundi, wa Zambia ya leo, walikichukua kazini wakakipeleka nyumbani. Wakagombana nacho, wakaoana nacho, wakaimba nacho, mpaka kikawa chao. Anayejua tu maneno ya kutii, atatii tu. Sherti tujifunze pia maneno ya kuuliza na ya kukataa.

Lakini kwa nini mtu anasoma miaka mingi na bado mdomo unafunga? Tuangalie egzetat yetu. Kwa Kifransa kuna oral, mwanafunzi anakaa mbele ya mtu na kuongea. Kingereza kinakuja kwenye karatasi, unachagua jibu moja kati ya mengine, unapita. Basi mtoto anaweza kupata diplome bila mtu hata mmoja kumsikia akisema sentensi tatu za Kingereza. Halafu kuna haya. Kijana akikosea neno mbele ya wenzake, wanacheka wiki nzima. Anaamua kunyamaza mpaka siku atakapojua vizuri. Siku ile haifike, kwa sababu kusema hakujifunzwe kwa kunyamaza.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe ni mafundi wa lugha. Nani alitufundisha Lingala? Mziki na waaskari. Kirundi? Soko na safari za Bujumbura. Mtoto wa Kifuliiru, wa Kinyamulenge, wa Kivira ao wa Kibembe anashika Kiswahili barabarani kabla hajashika biki. Angalieni Wachina walioingia kutafuta dhahabu upande wa Mwenga: wengi walifika bila Kifransa na bila Kiswahili. Walianza na «bei gani» na «hapana», wakakosea, tukacheka, wakaendelea. Leo kuna wanaopatana bei kwa Kiswahili bila mtu kati. Hawakungoja kumaliza kitabu.

Basi tufanye nini? Tunajua likelemba: kila mmoja analeta kidogo, na kila mmoja ana zamu yake. Tufanye likelemba ya mdomo. Watu watano ao sita, mara mbili kwa wiki, saa moja, baada ya kazi. Atakayeleta ni dakika zake za kusema. Katika Uvira vijana wana English Club zao, na tunawapongeza. Lakini kule mara nyingi mmoja anasimama na hotuba kubwa, makumi wanasikiliza. Kwetu iwe kinyume: kila mtu aongee, na aongee juu ya kazi yake.

Kuna zoezi moja lisiloomba umeme wala kitabu. Mwalimu Paul Nation wa New Zealand aliliandikia mwaka 1989. Unachagua habari unayoijua vizuri, mfano vile mlivyotia miti shimoni wiki hii. Unamwelezea mwenzako dakika 4. Unageukia mwingine, unaeleza habari ileile dakika 3. Unageukia wa tatu, dakika 2. Mara ya kwanza unatafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani. Mara ya pili maneno mengi yako tayari. Mara ya tatu yanateremka yenyewe. Anayesikiliza asikatize na asisahihishe. Makosa yataangaliwa nyuma, kwa pamoja. Ulaini wa kusema unatoka kwenye kurudilia, vile mkono wa mwenye kutwanga unavyopata kipimo chake.

La pili: tushike sentensi nzima, siyo maneno moja moja. Mtu akianza kujenga sentensi kipande kwa kipande, mgeni amekwisha kupita. Ziko chache ambazo kila mchimbaji aweze kuzisema hata usingizini. «Stop, it is not safe», simamisha, kuna hatari. «Please say that again», rudilia tafazali. «Do you mean…?», unataka kusema kwamba…? «I do not agree», sikubali. «We need this paper in French», tunataka karatasi hii kwa Kifransa. Ile ya kurudilia ndiyo mfalme. Kuuliza si ujinga. Kutikisa kichwa kwa neno usilolielewa ndiyo hasara, maana kichwa kile kitaandikwa kwenye rapport kuwa ulikubali.

La tatu, na hapa pesa yenyewe inaongea: hesabu. Kiswahili kinabonyeza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema ku-CHI-mba. Kingereza hakifuate desturi hiyo. Kumi na tano ni fif-TEEN, uzito uko mwisho. Hamsini ni FIF-ty, uzito uko mwanzo. Sisi, kwa mazoea yetu, tunasema FIF-teen, na mwenye kusikiliza anasikia hamsini. Ni vilevile kwa 13 na 30, 14 na 40, 16 na 60, 18 na 80. Mama anayeuza gramu zake akitaja bei, ao delege anayetaja idadi ya siku ambazo hazijalipwa, hawezi kucheza na hapo. Zoezeni hesabu hizo kwa sauti, wawili wawili, mmoja anasema na mwingine anaandika. Na pale kuna mashaka, tajeni tarakimu moja moja: one-five, five-zero. Hakuna atakayedanganyika.

La ine: tutumie watu wetu. Familia ngapi za Uvira, za Fizi na za milima ya juu ziko na ndugu waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na leo wanaishi Marekani? Tunawapigia kwa WhatsApp kuuliza habari na, tuseme ukweli, kuomba msaada. Tuwaombe pia dakika kumi za Kingereza kwa wiki. Mwenye hana mega za kutosha atume sauti yake, ajibiwe kwa sauti. Msaada huo hauombi Western Union, na hauishe kesho yake.

Tena watoto na wake zetu wasikae inje ya likelemba hii. Mtoto wa sekondari anajua sarufi, baba anajua kazi ya shimo. Baba aulize jina la kitu, mtoto atafute, wote wawili waseme kwa nguvu. Baba anayekosea neno mbele ya mtoto wake na kuendelea, anamfundisha mtoto kutoogopa.

Na sendika yenyewe isikae mikono mitupu. Tunaomba mambo matatu yaingie kwenye mazungumzo na kila kampuni yenye wakubwa wa Kingereza. Kwanza, saa moja ya Kingereza cha kusema kila wiki ndani ya saa za kazi, kwa delege na kwa wale wanaoangalia usalama. Pili, penye ajali, mkalimani achaguliwe kwa makubaliano na wafanyakazi, asiwe wa upande mmoja. Tatu, hakuna delege kutia sahihi siku ileile kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa lugha anayoielewa. Kwa kooperative za wachimbaji wa mikono, komite inaweza kutoa kivuli cha ofisi yake mara mbili kwa wiki. Hiyo haiombe budje.

Hatuahidi kwamba Kingereza kitapandisha bei ya dhahabu, ao kitazuia shimo kuanguka. Lakini siku mgeni atakapouliza swali lake, tunataka mtu wa kwetu ajibu mwenyewe, polepole ikiwezekana, na makosa yake ndani, mpaka mwisho wa sentensi. Wiki hii tafuteni watu watano. Chagueni siku. Wa kwanza aanze na dakika zake nne.