Fizi: Orodha nyingi, jina moja linapotea

BARAKA, Kivu ya Kusini – Mama aliyetelemka kutoka Minembwe na watoto wake anaweza kuandikwa mara tatu kabla ya kupata hata kilo moja ya unga. Mara ya kwanza katika daftari la chifu, mara ya pili katika simu ya mtumishi wa shirika, mara ya tatu katika kompyuta ya shirika lingine. Orodha hizo hazisomani. Siku ya kugawa msaada anaambiwa: jina halionekani. Hiyo si bahati mbaya. Ni matokeo ya kila mmoja kuandika kwa mpangilio wake.

Chukueni jina lenyewe. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho, ina jina, postnomu na prenomu. Fomu iliyotungwa ng'ambo mara nyingi ina nafasi mbili tu. Mwandikishaji mmoja anaacha postnomu, mwingine anaiunganisha na jina, na mashine inaona watu wawili. Chukueni tarehe. Kwa Mkongo, 03/04/2019 ni tarehe 3 mwezi wa nne. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma tarehe 4 mwezi wa tatu. Tangu mwaka 1988 kuna kanuni ya kimataifa, ISO 8601, inayoanza na mwaka: 2019-04-03. Kuifuata hakugharimu hata franga moja. Mbona haifuatwi kila mahali?

Watetezi wa hali hii husema kila shirika lina kazi yake. Ni kweli: HCR huandikisha wakimbizi, kama Warundi wa Lusenda, katika proGres, na PAM ina SCOPE kwa ajili ya chakula. Lakini mwaka 2018 mashirika hayo mawili yalitia sahihi mapatano ya kupashana data. Basi inawezekana. Na OCHA ina HXL, iliyofikia toleo la kwanza mwaka 2016: mstari mmoja wa alama chini ya vichwa vya jedwali, kama #adm1 kwa jimbo na #affected kwa walioathirika. Kila shirika linabaki na jedwali lake, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, na hesabu zinajumlishwa bila kuandikwa upya.

Dunia imekwisha kuona ubishi wa namna hii. ODF, mpangilio wa hati za ofisi, ulipata kuwa kanuni ya ISO mwaka 2006. Microsoft ikaleta wake, OOXML, ukapitishwa mwaka 2008. Afrika ya Kusini, Brazili, India na Venezuela zikakata rufaa, zikashindwa. Leo kuna kanuni mbili kwa hati ile ile, na anayeumia ni karani wa ofisi ndogo anayefungua barua na kukuta majedwali yamevurugika. Kanuni zinazotafsiriana ni msaada. Zinazoshindana ni mzigo kwa mnyonge.

Wengine wanaonya kwamba orodha moja kubwa ni hatari. Wana haki. Katika milima ya Minembwe, orodha yenye majina, kabila na kijiji ikianguka mikononi mwa wenye bunduki inaweza kuua. Lakini kuandika kwa mpangilio mmoja si kurundika majina yote mahali pamoja. Hesabu na mahitaji yapitishwe wazi. Majina yabaki yamefungwa, yatoke kwa mapatano na kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kwa hiyo mashirika yadaiwe mambo matatu: nafasi tatu za jina, tarehe inayoanza na mwaka, na karatasi ambayo familia inabaki nayo ikionyesha ilivyoandikwa. Kamati za wahami ziulize hayo kabla ya yeyote kuweka kidole. Familia iliyokwisha kupoteza nyumba, ng'ombe na shamba isinyang'anywe na jina lake.