Paa Kwanza, Plasta Baadaye

Mlima unaosimama kusini mwa mji wa Voi leo tunauita Sagalla. Wasafiri wa karne ya 19 waliuandika Ndara, jina ambalo bado liko midomoni mwa wenyeji. Huko juu, mwaka 1883, Joseph Alfred Wray wa Church Missionary Society alianzisha kituo cha misheni, na Joseph Thomson, aliyekuwa akielekea Umasaini mwaka huo huo, akamkuta hapo. Mwaka 1892 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura. Reli ya Uganda ilikuwa imeshaipita Voi ilipofika mto Tsavo mwaka 1898, na vita vya kwanza vya dunia vilipozuka Waingereza wakatandika haraka tawi la Voi hadi Taveta, kati ya 1915 na 1916, ili askari na shehena zao wafike mpakani. Kwa hiyo sehemu hii, ambayo wageni wengi huijua kwa tembo wekundu tu, ina akiba ya majengo ya zamani: ya kanisa, ya reli, ya mashamba ya mkonge.

Kila kamati ya kanisa, ya shule au ya wadi inapokutana juu ya jengo la namna hiyo, swali ni lile lile: tuvunje au tutengeneze? Wa upande wa kuvunja husema jengo limechoka, lina joto, lina popo, na mfadhili anataka kuona kitu kipya chenye bango mbele. Wa upande wa kuhifadhi husema ni historia, lifungwe, liandikwe kibao, watalii waje. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Jengo la zamani katika kaunti kavu kama Taita Taveta linafaa kutengenezwa kwa sababu bado linaweza kufanya kazi, na kazi yake ya kwanza ni maji.

Tuanze na hesabu ya mazingira, maana siku hizi hakuna pendekezo la ujenzi linaloandikwa bila maneno "jengo la kijani". Ulaya, hoja kubwa ya kukarabati nyumba za zamani ni baridi. Watu huchoma gesi kupasha nyumba joto, kwa hiyo wanaongeza tabaka la kuzuia joto lisitoke na kuweka madirisha ya vioo viwili. Ukichukua orodha hiyo ya Berlin ukaileta Voi, umenunua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Hapa hatupashi nyumba joto. Na umeme wa Kenya, sehemu yake kubwa, unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo. Taa ya ofisi ya Voi haichafui hewa kama taa ya ofisi inayotumia makaa ya mawe.

Kinachochafua ni vifaa vya ujenzi vyenyewe. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani, kwa sababu mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe hutoa hewa hiyo linapoungua. Ukuta uliojengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita ulishalipiwa. Kuuvunja na kumwaga zege mahali pake ni kulipa deni la mtu ambaye hakukudai. Ukikimbilia matofali ya kuchoma, umehamia kwenye kuni, na hapo jambo linakuwa kichekesho cha kusikitisha. Huko Kasigau na Rukinga, mwendo mfupi tu kutoka Ndara, jamii zimekuwa zikipokea pesa za kaboni tangu 2011 kwa kuacha miti isimame. Halafu tuikate upande wa pili kuchomea matofali ya darasa "la kijani"?

Hata hivyo, kusema "tutengeneze" si kusema "tupige plasta". Hapa ndipo majengo mengi yanapouawa na watu wenye nia njema. Ukuta wa zamani wa mawe yaliyofungwa kwa udongo au chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Mvua ikinyesha unalowa kidogo, jua likitoka unakauka. Fundi anakuja, anaona nyufa, anakoroga saruji na mchanga, anauvika ukuta koti gumu nje na ndani, kisha rangi ya plastiki juu yake. Siku ya kukabidhi, jengo linang'aa. Chungulia misimu michache baadaye, kwenye kimo cha goti: rangi imevimba malengelenge, unga mweupe wa chumvi umetoka, na ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole inaitika kama mtungi mtupu, maana imeachana na ukuta. Bandua kipande chake utakuta udongo wa ndani umekuwa tope laini, na njia za mchwa zimepanda humo kwa raha zao, gizani, bila mtu kuziona, hadi kwenye boriti za paa. Saruji imefunga unyevu ndani. Na kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta inaoushika, jengo likicheza kidogo ni ukuta unaopasuka, si plasta.

Chokaa haina ugomvi huo. Inachomwa kwa joto la chini zaidi, kama nyuzi 900, na inapokauka ukutani inanyonya tena sehemu ya hewa ukaa iliyotoa tanurini. Ni laini, inapumua, na ikichakaa inachakaa yenyewe badala ya jiwe. Ubaya wake ni mmoja: haina haraka. Inataka kumwagiwa maji na kufunikwa magunia mabichi, safu baada ya safu, na katika jua la Voi ukiiacha mchana mmoja bila maji inageuka unga. Mkandarasi anayelipwa akimaliza hawezi kuipenda. Hiyo ni kasoro ya mikataba yetu.

Lakini nimetangulia kuzungumzia kuta, na kuta si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni paa.

Voi hupata mvua ya milimita mia tano na kitu kwa mwaka, nyingi ikija kwa vishindo wakati wa vuli. Chukua jengo la zamani la mita 15 kwa 10. Milimita 500 za mvua juu ya paa hilo ni lita 75,000. Toa sehemu ya tano kwa maji yanayomwagika na kukauka, unabaki na lita 60,000. Kwa zahanati au darasa, hizo ni siku nyingi za kunawa mikono, kupika na kupiga deki. Na zinashuka mahali ambapo bomba la maji ya chemchemi za Mzima linapita kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, huku wengi wa wenye nchi wakiendelea kubeba madumu.

Sasa tazama paa la jengo la kawaida la zamani katika eneo hili. Mabati yenyewe mara nyingi ni mazito kuliko ya leo na yanaweza kuishi tena yakikwanguliwa kutu na kupakwa rangi. Kilichokufa ni gata. Imekatika, au imejaa majani, au haikuwahi kuwekwa. Kwa hiyo lita zote hizo zinaanguka chini ya ukuta, zinachimba mtaro, zinanyonywa na msingi, na ule unyevu tuliokuwa tukiupiga vita kwa saruji unaanzia hapo. Gata moja yenye mteremko sahihi inaponya ukuta na kujaza tangi. Sijui ukarabati mwingine wenye faida kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo, na bado haupigwi picha.

Mahali pa kuweka tangi ni swali linalotaka watu wa hapa, si msanifu wa mbali. Chini ya mlima, wakati wa kiangazi, tembo hunusa maji na kuyafuata hadi mlangoni. Huvunja tangi, na ukuta ulio karibu nalo. Ndiyo maana Sagalla ya chini imekuwa uwanja wa nyua za mizinga ya nyuki za kuwazuia, ambazo shirika la Save the Elephants limekuwa likizijaribu huko na wakulima tangu 2009. Tangi la plastiki lililosogezwa ukutani mwa jengo la miaka mia moja ni mwaliko. Liwe mbali na ukuta, ndani ya uzio, au lijengwe chini ya ardhi na kufunikwa kwa zege. Naam, kwa zege. Saruji ina mahali pake, na tangi la maji ni mojawapo.

Joto nalo si fumbo. Ukuta mnene katika nchi kavu unasaidia, kwa kuwa usiku wa Voi unapoa na ukuta unapoa nao. Unachohitaji ni kuzuia jua la mchana lisiufikie: varanda pana isiyozibwa kuwa ofisi ya ziada, dari yenye nafasi ya hewa juu yake, matundu mgongoni mwa paa ili joto lipate pa kutokea, na rangi nyeupe juu ya mabati. Wahifadhi wakali watanung'unika juu ya hiyo rangi. Wacha wanung'unike, darasa lisilokalika saa nane mchana litaachwa, na jengo lililoachwa halina miaka mingi. Sola iwekwe kwenye mteremko wa nyuma, au chini kabisa, isitoboe mabati ya mbele.

Kuna pingamizi ambalo halihusu chokaa wala gata, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko lile la gharama. Historia hii ni ya nani? Kule Taveta, juu ya kilima, kuna jumba alilojenga Ewart Grogan katika miaka ya 1930, lenye mandhari ya Kilimanjaro na ziwa Jipe. Grogan huyo ndiye aliyewachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Mtu wa Taita akiuliza kwa nini kodi yake itunze kuta za watu wa namna hiyo, anauliza swali halali. Nyumba za Wasagalla wenyewe, za nyasi na fito, hazikujengwa ili zikae karne. Zilikuwa zikijengwa upya, na kilichorithiwa kilikuwa ujuzi. Kwa hiyo tukihifadhi tu kinachodumu, tutajikuta tumehifadhi wageni.

Jibu langu si kwamba Wray alikuwa mwema kuliko Grogan, ingawa alijifunza lugha ya wenyeji kiasi cha kuchapisha kitabu cha sarufi yake mwaka 1894. Jibu ni kwamba majengo haya hayana mwenyewe mmoja. Sidhani Wray alijipandishia maji ya ujenzi mlimani peke yake. Reli ilijengwa na vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika, na kwenye misheni ya Bura bado kuna shule. Jengo linalotumiwa na wajukuu wa walioibeba mizigo hiyo limeshabadilisha maana yake, bila kibao. Jumba la Grogan likigeuzwa hoteli, pesa ya mgeni ndiyo inayolitunza, na mimi sina ugomvi na hilo. Fedha ya umma ndiyo naitaka iende kwenye paa lenye watoto au wagonjwa chini yake.

Nani basi ashike ufunguo? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti inapewa makumbusho pamoja na shughuli za utamaduni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamwezesha waziri kutangaza jengo katika gazeti rasmi la serikali, na likishatangazwa haliguswi ovyo. Nzuri kwa Fort Jesus. Lakini jengo dogo la misheni mlimani Sagalla, nyumba ya wafanyakazi wa reli Voi, ghala la mkonge: haya si ya kitaifa vya kutosha kwa Nairobi, wala si makumbusho kwa kaunti. Yanaanguka katikati. Yenye bahati yana kanisa nyuma yake. Mengine yanangoja mvua.

Wala tusidhani kutangazwa ni kinga. Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, mwaka ule ule wa Wray, ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO tangu 2000. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, na wafanyakazi wawili wakafa. Heshima ya dunia nzima haikuziba nafasi ya matunzo ya kila mwaka.

Kwa hiyo sipendekezi orodha ndefu ya majengo ya kutangazwa. Napendekeza vitu vya kawaida kabisa. Chuo cha Coast Institute of Technology kiko hapa hapa Voi: kiwe na karakana ya chokaa na tofali la udongo wa kushindiliwa, na kuta za kujifunzia ziwe kuta halisi za kaunti. Kanuni mpya ya Majengo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 1968, isomwe na maafisa wa kaunti wakiwa na jengo la zamani akilini, si gorofa jipya tu. Mikataba ya ukarabati ilipwe kwa hatua, ili fundi wa chokaa asiadhibiwe kwa kungoja.

Na kuwe na fungu la matunzo. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao wakati bajeti inapoandaliwa. Watu hufika kwenye vikao hivyo kudai barabara na visima, na wana haki. Mtu wa Sagalla anaweza kuongeza mstari mmoja: gata, rangi ya mabati na tangi kwa kila jengo la umma lenye zaidi ya miaka hamsini katika wadi yake, kabla ya shilingi moja kutengwa kwa jengo jipya kwenye kiwanja hicho. Mwakilishi wadi atauliza bango la uzinduzi litatundikwa wapi. Aambiwe kwenye tangi.