Wingi wa Watu Si Mkutano

Neno mkutano limetokana na kukutana, na kukutana ni tendo la pande mbili. Hata hivyo, tangu shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mazungumzo mengi yakahamia katika intaneti, imezuka desturi ya kuwaalika mamia ya watu mbele ya vioo vya simu, kuwazima sauti, kuwahutubia saa nzima, kisha kutangaza kwamba wameshauriwa. Desturi hii ni mbaya, na kijana asomaye hana budi kuikataa.

Chukua kalamu uhesabu. Zoom isiyolipiwa hupokea watu 100 kwa dakika 40. Ugawapo muda huo sawasawa, kila mtu hupata sekunde 24, nazo hazitoshi hata kujuliana hali. Kwa hiyo ukubwa wa chumba si kipimo cha mkutano. Kipimo cha haki ni idadi ya watu ambao maneno yao yanahitajiwa.

Mikutano ya intaneti ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya watu wachache, kama kumi au kumi na wawili, ambao huonana nyuso na kusemezana bila kizuizi. Hiyo yafaa kamati na mashauri mazito. Ya pili ni ya watu kiasi cha darasa, penye mwenyekiti wa kutoa zamu na vyumba vidogo vya kujadiliana. Ya tatu ni webina: wasemaji wachache huhutubia mamia au maelfu, na wasikilizaji huandika maswali ambayo msimamizi huyajibu apendayo na kuyaacha asiyoyapenda. Hiyo yafaa mhadhara wa bingwa au tangazo, wala hatuilaumu ikitumiwa kwa kazi yake. Lawama yetu ni kwa yule aiitaye shauri.

Wapo watakaotujibu kwa methali, “Wengi wape.” Nasi twauliza: wapewe nini? Wakipewa masikio tu, wamenyimwa ndimi. Tena, mwenye nia ya kusema na maelfu pasipo kuwasikiliza anayo redio, ambayo haimgharimu msikilizaji kifurushi cha intaneti. Mwaka 2020 masomo yalitangazwa kwa redio ya KBC, wala hakuna aliyedai kuwa matangazo yale yalikuwa majadiliano.

Wengine husema kwamba kuwasikiliza watu wengi kwapoteza wakati. Haya si kweli. Watu 300 wagawanywe makundi 25 ya watu 12. Kwa saa ya kwanza kila mtu aweza kusema dakika tano katika kundi lake. Kisha wajumbe 25, kila mmoja kwa dakika mbili, watoe maoni ya makundi yao kwa dakika 50. Kwa muda usiotimia saa mbili, watu wote 300 wamesema. Asiyetaka kufanya hivyo hakukosa wakati, amekosa nia.

Sisi wa Kiambere hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Bwawa letu katika Mto Tana limezalisha umeme tangu 1988. Mtambo ule hauzungushwi kwa maji ya mtungi, wala mama mwenye kiu hapelekewi bwawa zima nyumbani. Maji ni yale yale. Kinachotofautiana ni haja na chombo. Vivyo hivyo, katika baraza la chifu, mwenye neno akinyimwa nafasi aweza kusimama, na watu wote wakamwona amesimama. Katika webina asiyepewa nafasi haonekani wala hasikiki, na jina lake huhesabiwa miongoni mwa waliokubali. Hapo ndipo ilipo hatari.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 10, imeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Na vifungu vya 118 na 196 vyaamuru Bunge na mabaraza ya kaunti yawashirikishe watu katika kazi zao. Amri hiyo haitimizwi kwa orodha ya majina ya watu waliofungwa midomo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wasiosikilizwa leo juu ya ardhi, maji au karo hawatakosa siku ya kusema kwa njia nyingine.

Nanyi wanafunzi, ambao leo ni makatibu wa vyama vya shule na kesho mtaongoza kaunti, msiulize kwanza chumba chaweza kubeba watu wangapi. Ulizeni ni nani atakayeumia kwa uamuzi utakaokatwa, kisha chagueni mkutano ambao mtu huyo ataweza kusema ndani yake. Mkimkosea nafasi, msithubutu kuandika katika kumbukumbu kwamba alikuwapo.