Mimbari Haiuzwi



Sisi tutokao Kitui na Makueni twarudi kazini Jumatatu na habari za kanisani, lakini siku hizi hatuulizani neno gani lilihubiriwa. Twaulizana mheshimiwa gani alikuja, alitoa bahasha nene kiasi gani, na aliwatukana akina nani mbele ya madhabahu. Jambo hili latusikitisha, na leo twataka kulisema wazi.

Hatuandiki kwa kuyachukia makanisa. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule za misheni. Mwaka 1895, kabla reli haijafika Ukambani, wamisionari wa Africa Inland Mission walikwisha fika Nzaui. Tangu siku hizo makanisa yametupa shule, zahanati na visima. Deni hilo twalikubali. Lakini kumshukuru mwalimu si kumpa kura yako akupigie.

Wala hatusemi kwamba mtu wa dini afunge mdomo. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, mtoto wa Ukambani, alipokuwa Nakuru katika miaka ya 1990 aliwatetea watu waliofukuzwa mashambani mwao kwa mapigano ya kikabila. Kumwambia mtawala kweli ni kazi ya dini. Kumwuzia mtawala mimbari ni biashara.

Sheria yetu haifichi neno. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, yasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 champa kila mtu uhuru wa kuabudu. Tena Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yakataza kumtisha mpiga kura kwa madhara ya kiroho. Basi, akikwambia mtu kwamba utalaaniwa usipompigia fulani, avae joho au ashike kithitu, jua anavunja sheria.

Tukumbuke pia kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Wakuu wengi wa makanisa waliwaambia watu waikatae Katiba, kwa ajili ya mahakama za Kadhi na habari ya utoaji mimba. Wananchi wakaipitisha, na Wakristo wengi sana walikuwa miongoni mwao. Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani kama kawaida. Hawakuacha dini, walipiga kura kwa akili zao.

Wako wachungaji walioliona kosa hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikataza wanasiasa kuhutubia katika ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ya shilingi aliyoyatoa Rais Ruto katika kanisa moja la Katoliki. Twawapa heko. Kukataa fedha ni vigumu kuliko kuhubiri.

Ndugu, sisi wa mshahara twajua hesabu. Mshahara wa mheshimiwa wajulikana. Akitoa kila Jumapili kupita mshahara wake, zilizozidi zatoka wapi? Huenda ndizo dawa tulizozikosa hospitalini. Kanisa likizipokea bila kuuliza, kesho litamkemea kwa kinywa gani?

Tena yatuhusu kama chama. Pale Makindu liko hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Msafiri yeyote hulishwa pale bure bila kuulizwa dini yake. Chama chetu ni vivyo hivyo. Mkatoliki, mtu wa A.I.C., Mwislamu na asiye na dini hulipa ada moja, na nyongeza ya mshahara ikipatikana hupata wote. Siku tutakapoanza kugawana kwa makanisa ya wanasiasa, mwajiri hatakuwa na haja ya kutuvunja. Tutakuwa tumejivunja wenyewe.

Basi twaomba mambo matatu. Mkiwa wazee wa kanisa, simameni katika baraza mseme mgeni wa siasa akae kwenye benchi kama sisi. Mkipewa bahasha, ulizeni zatoka wapi. Na Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano, ingieni katika chumba cha kura peke yenu. Mle ndani hamna mchungaji wala mheshimiwa. Mna wewe, Mungu wako, na karatasi.

Umoja ni nguvu.